Fungu la Pak Mantri

Ramani ilikuwa kubwa kuliko mkeka, na Daktari Kinanti alipoitandaza kwenye sakafu ya ukumbi wa kitongoji ilibidi wazee wavute miguu. Alikuwa ameichora mwenyewe kwa wiki tatu, akizunguka vilima vya chokaa vya Jurangwatu kwa pikipiki: nyumba, mabanda, visima, njia zinazopitika na lori na zile ambazo hata mbuzi husita kuzipita. Bonde lilikuwa limepakwa rangi ya buluu. Miaka miwili nyuma lilijaa maji kwa saa tano tu, baada ya shimo la mwambani linalomeza maji ya mvua kuziba. Watu waliokoka wote. Ng'ombe kumi na wanne walikufa maji wakiwa wamefungwa mabandani, kwa kuwa kila mmoja alidhani jirani yake ameshakwenda kukata kamba.

"Safari hii hakuna kudhani," alisema Kinanti. "Kigogo cha hatari kikilia, kila mtu anajua anamfungua ng'ombe yupi, anapita njia ipi, anampeleka wapi. Jumapili tunafanya zoezi. Na ng'ombe wenyewe wawepo, si wa kwenye karatasi."

Wardoyo alikuwa amepiga magoti kwenye pembe ya ramani, akiikandamiza isijikunje. Alikuwa bwana mifugo wa eneo hilo kwa miaka thelathini na moja. Watu walimwita kwa cheo chake, Pak Mantri, yaani Bwana Mantri, na hakukuwa na zizi ambalo hajawahi kulala ndani yake akingoja ndama atoke. Ilikuwa imebaki miezi mitano astaafu. Kinanti alikuwa daktari mwenye shahada, ndiye mkubwa wake kazini, na alikuwa mdogo kuliko binti yake wa kwanza. Wardoyo hakuwa na kinyongo naye. Alimpenda, hasa kwa vile alivyouliza maswali bila kujifanya anajua majibu.

"Mpango una sehemu tatu," Kinanti aliendelea. "Mafuriko. Tetemeko. Na ya tatu, ambayo wakubwa mkoani wanaitaka, ni ugonjwa unaoletwa na mtu kwa makusudi."

"Kwa makusudi?" Huyo alikuwa Ngadiman, mkuu wa kitongoji, ambaye kila mtu alimwita Pak Dukuh na ambaye hajawahi kuuacha mkutano ukae kimya. "Bu Dokta, nani huyo atatoka huko duniani na unga wake wa sumu aitafute Jurangwatu? Lori la mchele wa serikali lenyewe hupotea kila mwezi!"

"Labda mmuulize dereva," mtu alidakia. "Huyo ndiye anayetupiga vita."

Wakacheka. Kinanti alicheka nao, akanywa funda la chai, akangoja.

"Ni kweli, Pak. Hakuna atakayekuja. Lakini ugonjwa ambao watu huko wamewahi kuugeuza silaha ni kimeta, na kimeta hakimhitaji adui. Ng'ombe akifa nacho, damu ikimwagika, vijidudu vyake vinajifungia kwenye ganda kama mbegu. Vinalala udongoni miaka hamsini. Mtu akichimba, au maji yakikwangua, vinaamka. Kwa hiyo kabla sijaandika chochote nataka kujua: kuna mahali hapa palipofukiwa mnyama aliyekufa ghafla? Damu puani, nyeusi, haigandi? Hata kama ni zamani. Simtafuti mkosaji. Natafuta mahali."

Wazee walitazamana. Kisha, kama walivyozoea kwa jambo lolote lenye kwato, wote wakamgeukia Wardoyo.

"Hakuna," alisema Wardoyo.

Lilimtoka haraka, kama mtu anavyofukuza nzi. Kinanti alitikisa kichwa kwa shukrani, akaandika. Halafu akachukua kalamu ya kijani akachora duara upande wa juu wa ramani, kwenye kile kiwanja tambarare kilicho nyuma ya mitiki.

"Basi mahali pa kukusanyia ni hapa. Pamenyanyuka, pana nafasi ya ng'ombe mia na hamsini, lori linafika. Tutachimbia nguzo kumi na mbili za kufungia na mtaro mmoja wa maji. Ni pa nani hapa?"

"Pangu," alisema Mbah Sagiyem.

Alikuwa amekaa na wanawake kwenye birika la chai, mwanamke mkavu wa miaka sabini na kitu, mjane ambaye wote walimwita Mbah, yaani bibi. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikuwahi kuhitaji kurudiwa. "Pachukueni. Mimi sina ng'ombe tangu lini huko. Majani yanaota yanakauka yenyewe." Kisha akamtazama Wardoyo. "Si pazuri pale, Mantri? Wewe unapajua."

Wardoyo aliinamia chai yake. "Pazuri, Mbah," alisema.

Alipajua. Sagiyem alisema kweli tupu.

Miaka kumi na minane nyuma, mwanzoni mwa mvua, ng'ombe wa Paidi, mume wa Sagiyem, alikula majani asubuhi na adhuhuri akaanguka. Ndiye ng'ombe pekee waliyekuwa naye. Na Jurangwatu, mtu akifiwa na ng'ombe haachwi peke yake. Ipo desturi, wanaiita brandu: majirani huja na visu, mnyama anachunwa, nyama inapangwa mafungu yaliyo sawa juu ya majani ya mtiki, kila nyumba inachukua fungu lake na kuacha mchango wake, ili mwenye hasara apate ndama mwingine. Hakuna anayeuliza mnyama amekufa kwa nini. Ukiuliza, ni kama umemwambia mwenzako kwamba unatafuta sababu ya kutomsaidia.

Wardoyo alifika amechelewa, begi mkononi. Mafungu yalikuwa yameshapangwa, arobaini na moja. Na pale chini, karibu na kichwa, aliiona damu: nyeusi kama lami, na saa mbili baada ya mnyama kufa ilikuwa bado inatiririka. Alikuwa amesomeshwa jambo hilo. Alikuwa ameliandika kwenye mtihani na akapata alama zote. Paidi alinyanyuka, mikono imelowa hadi viwikoni, akatabasamu kwa haya na shukrani kama mtu aliyefunikwa nguo akiwa uchi.

"Fungu lako hilo, Mantri. Nimekuongezea na kipande cha ini."

Watu walikuwa wanamtazama. Walikuwa wema siku ile, wema kabisa, wema unaoweza kumfanya mtu alie. Na Wardoyo akasema, "Kavimbiwa tu huyu."

Tusimtetee. Alikuwa na maneno mengine na hakuyasema. Alijiambia kwamba nyama ikichemka sana haidhuru, kwamba huenda amekosea, kwamba akisema "fukieni yote" atakuwa amemwondolea Paidi ndama wake mbele ya macho yake. Akachukua jembe akamsaidia Paidi kuchimba shimo kiwanjani, wakafukia ngozi, kichwa na matumbo. Kisha akachukua fungu lake, akaenda nalo nyumbani, na akamwambia Murtinah, mkewe, asilifungue. Akachimba nyuma ya jiko hadi shimo likamfika kifuani, akalitupa humo na majani yake.

Siku ya nne Paidi alitokwa na kidonda mkononi, kisichouma, cheusi katikati. Siku ya tisa wakamzika. Watu walinong'ona kwamba katumiwa kitu na mtu. Katika nyumba kadhaa watoto waliharisha damu, na Wardoyo akawabeba hadi zahanati kwa pikipiki yake, mmoja baada ya mwingine, akamnong'oneza mhudumu awape penisilini, hata kama hajui ni kwa nini. Wote wakapona. Mpaka leo wapo wanaomshukuru kwa wiki ile. Katika daftari la ofisi aliandika: ng'ombe mmoja, kuvimbiwa.

Toka ukumbini hadi Jumapili zilikuwa siku sita, na Wardoyo alizitumia zote kutafuta mlango wa nyuma.

Siku ya kwanza alimwambia Kinanti kwamba kiwanja kile hakina kivuli. Kinanti akasema ametenga fedha ya maturubai. Siku ya pili akamwambia pako mbali na maji; Kinanti akamwonyesha tangi kwenye ramani, hatua mia mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa Pak Dukuh, wakavuta sigara za karafuu barazani, akaleta habari ya kalenda ya wazee, ile yenye wiki ya siku tano.

"Jumapili hii inaangukia siku ya Pon, Pak Dukuh. Wazee hawahamishi ng'ombe siku ya Pon."

"Na mafuriko nayo yatauliza, samahani jamani, leo ni Pon au ni Wage?" Pak Dukuh alicheka hadi akakohoa. "Una nini wewe? Miaka yote ulitucheka kwa kalenda hizi. Kustaafu kunakuzeesha akili kabla ya miguu."

"Nafikiria tu watu watakavyosema."

"Watu watasema Pak Mantri kawa mganga wa kienyeji. Nenda kalale."

Angeweza, bila shaka, kumwambia Kinanti peke yake. Alilifikiria hilo. Wangekaa ofisini, angefunga mlango, angesema, na kiwanja kingehamishwa kwa kisingizio chochote. Kinanti mwenyewe alikuwa amesema hatafuti mkosaji. Lakini Wardoyo alijua msichana yule angeuliza tarehe, na angeuliza nani alikula, na nani aliugua, na kama kuna aliyekufa. Angeuliza kwa upole, kalamu mkononi. Na jibu la swali la mwisho lilikuwa na mjane, na mjane huyo alikuwa anakaa nyumba ya nne kutoka kwake, akianika makopa yake barabarani kila kiangazi na kumwita, "Mantri, pita upande, usinikanyagie chakula!"

Alhamisi mchana alimkuta Murtinah nyuma ya jiko akifua. Alikuwa anafulia kwenye lile jiwe pana, jiwe ambalo wiki ile ya Paidi Murtinah aliwalipa watu wanne walibebe kutoka machimboni na kuliweka pale, juu ya udongo uliochimbwa. Hakuwahi kueleza kwa nini, na Wardoyo hakuwahi kumuuliza. Miaka kumi na minane kuku hawajapata kuchakura mahali pale.

"Watachimba kiwanja cha Sagiyem," alisema.

Murtinah aliendelea kusugua ukosi wa shati. "Nimesikia. Nguzo kumi na mbili."

"Nifanyeje?"

"Unaniuliza leo?" Alilikamua shati kwa nguvu, maji yakamrukia Wardoyo miguuni. "Siku ile uliniambia nisifungue, sikufungua. Uliniambia nisiseme, sikusema. Watoto wa jirani walikuwa wanaumwa, nikakaa hapa nachemsha majani ya muhogo. Hukuniuliza. Sasa mimi sina la kukujibu, Pak, kwa kweli sina. Nina nguo tu."

Jumapili ilianza kwa jua jeupe lisilo na wingu hata moja, na saa mbili asubuhi kigogo cha mianzi kikalia kutoka ukumbini: mlio wa haraka, usiokatika, ule wa hatari. Wardoyo alikuwa amekaa juu ya pikipiki kwenye njia panda, saa mkononi, kama alivyoelekezwa. Na aliwaona wakija. Tuseme yaliyo kweli: lilikuwa jambo la kupendeza. Wanawake wenye kofia pana za mianzi wakivuta ng'ombe wawili wawili, wazee wakiwasukuma wakaidi kwa bega, njuga zikilia njia nzima. Kila ng'ombe alikuwa na mtu wake na kila mtu alikuwa na njia yake. Mtu fulani alifungua na ng'ombe wa jirani aliyekwenda mjini, akapita nao akipiga kelele, "Nimekata kamba mimi! Mwandikeni, nimekata!" Ndani ya dakika hamsini na mbili, ng'ombe mia moja thelathini na sita walikuwa juu, na hakuna aliyebaki bondeni. Kinanti alikuwa akiruka kwa furaha, begi la dawa likimgonga mgongoni.

Na Wardoyo alifikiri: wamejiandaa kwa kila kitu, na mimi ndiye ninayewaongoza hadi mdomoni mwa kimeta chenyewe.

Kiwanjani, wanaume wa msaragambo walikuwa tayari na mitaimbo na majembe. Nguzo zilikuwa zimelazwa kwa mstari. Alama za chokaa zilionyesha pa kuchimbia, na Wardoyo alizihesabu akitembea, moja, mbili, tatu, nne. Ya saba na ya nane. Lile shimo lilikuwa hapo, kati ya ya saba na ya nane, chini kidogo ya jiwe lenye umbo la goti.

Mbah Sagiyem alikuwa amekaa hapo hapo, juu ya alama ya saba.

Alikuwa ameleta kigoda, chupa ya chai na kikapu chake cha mihogo ya kumenya, akajitandaza katikati ya njia ya nguzo kama mtu aliyekuja kutazama mechi. Vijana wawili wenye mtaimbo walikuwa wamesimama mbele yake, hawajui wafanye nini.

"Mbah, samahani, tunataka kuchimba hapo."

"Chimbeni kwingine kwanza. Mimi nakunywa chai."

"Kwingine tumeshapangiana, Mbah."

"Basi ngojeni. Chai ya moto hainywewi mbio. Hamkufundishwa?"

Watu wakacheka. Pak Dukuh akaja, akainama kwa heshima, mkono mmoja mbele, akaanza kumbembeleza. Kinanti naye akaja. Sagiyem akapuliza kikombe chake, na juu ya ukingo wa kikombe akamtazama Wardoyo, aliyekuwa amesimama hatua kumi kutoka pale. Hakumkunjia uso wala hakumwashiria. Alimtazama tu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesimama mlangoni ambaye hajabisha hodi bado.

Hatua nne nyuma yake, kwenye alama ya nane, mtu mwingine alikuwa ameshainua jembe.

"Usichimbe!" Wardoyo alipiga kelele.

Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. Ng'ombe waliokuwa karibu waliinua vichwa. Yule mwenye jembe akalishusha polepole, akadhani labda amekanyaga nyoka.

"Usichimbe. Mtu yeyote asichimbe. Ondoeni ng'ombe hapa." Alielekeza kidole chini ya lile jiwe lenye umbo la goti. "Hapa kuna kimeta. Yule ng'ombe wa Paidi, mwaka ule. Hakuvimbiwa. Niliona damu yake nikajua. Nilijua pale pale, nyama ikiwa juu ya majani, nikawaambia kavimbiwa, mkachukua. Paidi alikufa kwa hicho. Mimi ndiye niliyechimba shimo naye. Ngozi iko hapa, na kichwa, na matumbo."

Yule mwenye jembe alilitupa, akarudi nyuma.

Kisha Pak Dukuh, yule asiyeacha mkutano ukae kimya, alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Mwanangu alilazwa siku kumi na moja."

"Najua, Pak Dukuh."

"Ulimpeleka wewe. Ulimbeba kwa pikipiki. Nilikubusu mkono, Wardoyo! Nilikuja kwako na kuku wawili nikakubusu mkono, na wewe ukapokea!"

"Nilipokea."

Pak Dukuh akageuka akampa mgongo. Baadhi ya watu walianza kuongea kwa pamoja, mmoja akimlaani, mwingine akitaja jina la mama yake aliyeugua mwaka ule. Wardoyo alisimama. Alikuwa ameogopa siku hii kwa miaka kumi na minane, na ilipofika alikuta kwamba hofu imekwisha, na kilichobaki mahali pake ni aibu, nayo haikuwa nyepesi hata kidogo.

Sagiyem aliweka kikombe chini.

"Nilijua," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Mnanitazama nini? Nilimwosha mume wangu. Niliuona mkono wake. Na siku ile ya mgao nilikwenda kwa Murtinah kuomba chumvi, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa inapika nyama na kwangu chumvi imekwisha. Kitongoji kizima kilinukia nyama, jamani, mnakumbuka? Mlikuwa mnacheka majikoni. Nyumba ya Mantri peke yake ilikuwa inachemsha majani ya muhogo." Alichukua kisu chake, akamenya kipande kimoja cha muhogo, mikono ikifanya kazi bila yeye. "Nikarudi na chumvi yangu nikafikiri: huyu kapewa fungu na ini juu, mbona hapiki? Paidi alipotokwa na kidonda nikapata jibu."

"Mbona hukusema, Mbah?" aliuliza Kinanti, taratibu sana.

"Nimwambie nani? Niende nyumba arobaini niwaambie, asanteni kwa kunisaidia, wema wenu ndio uliomuua mume wangu? Walikuwa wameshanipa ndama, Bu Dokta. Walininunulia ndama." Alikitupa kipande kikapuni, akachukua kingine. "Nikasema atasema yeye. Ni kazi yake, na analipwa kwa hiyo. Nikangoja. Mwaka huu nikasikia anastaafu. Ndipo nikawapa kiwanja."

Wardoyo alimtazama, kisha akatazama kigoda, na alama ya chokaa iliyokuwa chini ya kigoda. "Na kama nisingesema?"

"Ningekunywa chai hapa hadi kesho. Unadhani ningewaacha wachimbe? Nina akili zangu." Alimnyooshea kisu chenye ganda la muhogo. "Lakini nilitaka useme wewe."

Hapo Wardoyo alilia. Alilia amesimama, kofia mkononi, mbele ya ng'ombe mia moja thelathini na sita na wenyewe, na hakuna aliyekwenda kumshika bega.

Kinanti ndiye aliyewaondoa watu pale waliposimama. Labda ni ujana, au ni kwa vile hakuwa amekula nyama ile. Alifuta macho yake kwa mkono wa shati na akaanza kutoa amri: ng'ombe washuke kwa njia ile ile waliyopandia, wasilishwe jani hata moja la kiwanja hiki, wakusanyike kwenye uwanja wa mpira wa shule. Kwato zioshwe, na viatu pia. Kesho atakuja na chanjo kwa wote, na kiwanja kitazungushiwa ua na kufunikwa saruji. Aliyekuwa na kidonda chochote mkononi asimame upande huu. Watu walimtii. Kwa jinsi walivyokuwa na hasira ilikuwa heri kuambiwa la kufanya, na waliteremka na ng'ombe wao vizuri kuliko walivyopanda, kila mtu na njia yake, kama zoezi lilivyotaka.

Walipokwisha kuondoka, Kinanti aliitandaza ramani juu ya kiti cha pikipiki.

"Nitaandika ripoti, Pak Wardoyo," alisema. "Yote. Siwezi kuifupisha."

"Usiifupishe."

"Wanaweza kukunyima kiinua mgongo. Wanaweza kufanya zaidi ya hapo."

"Najua, Bu Dokta."

Kinanti alilifuta lile duara la kijani kwa mistari miwili, akampa kalamu nyekundu. Wardoyo aliinama, akatafuta mitiki, akatafuta jiwe, akaweka doa katikati. Pembeni akaandika kwa herufi ndogo za ofisini: kimeta, mwaka, ng'ombe mmoja, mtu mmoja. Akaandika na jina la Paidi. Kisha akairudisha kalamu.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza Kinanti. "Hakuna mahali pengine?"

Wardoyo alifungua mdomo aseme hakuna. Neno lilikuwa tayari, kama siku ile ukumbini.

Sagiyem alikuwa ameshafunga kikapu chake na kukunja kigoda. Alisimama nyuma yao, akachungulia ramani kwa jicho moja, akaifuata kwa kidole njia inayoshuka kutoka mitiki, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, yake mwenyewe, akapita, akahesabu nyingine nne.

"Na fungu lako?" aliuliza. "Lile la ini. Ulilipeleka wapi?"

Upepo uliinua pembe ya ramani na Wardoyo akaikandamiza kwa kiganja. Aliwaza lile jiwe pana, na mgongo wa Murtinah uliopinda juu yake asubuhi zote hizo, na wajukuu wake wanaooga hapo wakija likizo. Alinyoosha mkono akaomba tena ile kalamu nyekundu.